Propela Iliyolala Stoo

Ndugu zangu, tumshukuru Mola aliyetukusanya tena, na rehema zake zimfikie Mtume wetu. Nyinyi mnaoegemea nguzo kule nyuma, sogeeni kidogo. Leo nazungumzia magari, na kwa magari najua hakuna atakayesinzia.

Kulikuwa na bwana mmoja, huku huku milimani, aliyejaliwa gari la fowili. Wenye magari mniwie radhi, nawaeleza wasiokuwa nayo. Gari la kawaida, injini yake inasukuma tairi mbili tu. Zile mbili nyingine zinafuata. Kwenye lami hilo halina neno. Lakini likiingia kwenye tope, zile zinazosukuma zikianza kuteleza, safari imekwisha, kwa sababu zile nyingine hazina nguvu ya kusaidia. Gari la fowili si hivyo. Chini yake kuna mabomba mawili marefu ya chuma, mafundi wanayaita propela. Moja linapeleka nguvu tairi za nyuma, la pili linapeleka tairi za mbele. Dereva akivuta kile kigia kidogo cha pembeni, nguvu inagawanywa mbele na nyuma, na ikiteleza tairi moja nyingine inashika. Ni gari zito, linakunywa mafuta, kwenye kona za lami halina raha. Lakini lipeleke kwenye mwinuko wa utelezi, litapanda pole pole kama mbuzi.

Basi kijiji cha bwana huyu kilikuwa na machela. Wazee mnaijua machela: miti miwili ya mkaratusi, turubai katikati. Nyumba kwa nyumba walikuwa na zamu ya kubeba. Mtu akizidiwa, akipiga ukelele mwanamke mmoja tu, wanaume wa zamu wanatupa majembe wanakuja mbio, wanambeba mgonjwa mpaka kituo cha afya ng'ambo ya mlima.

Gari lilipokuja, bwana yule akasimama msikitini baada ya swala, mbele ya jamaa wote. Akasema, "Jamani, machela ya nini tena? Gari lipo. Ni fowili. Iwe mvua, iwe jua, nigongeeni mlango."

Watu wakamwombea dua. Na hakusema uongo siku ile, tumpe haki yake. Masika ya mwaka ule alipandisha wagonjwa kwenye tope ambalo hata punda walilikataa. Jamaa wakaridhika. Zamu zikafa. Ile miti ya machela mtu mmoja akaikata akatengenezea kichanja cha vyombo, turubai likafunika mahindi. Nani angewalaumu? Walikuwa wameahidiwa, tena ndani ya msikiti.

Kikaja kiangazi. Barabara kavu, vumbi tupu, na bwana yule akaanza kununa kila anapotoka kituo cha mafuta. Akaenda gereji. Fundi akamwambia, "Mzee, wengi wanaitoa hii propela ya mbele. Gari linakuwa jepesi, na mafuta hayaendi sana."

"Kuna mtu atajua?"

"Atajua nani? Iko chini. Kigia kipo palepale, na ukikivuta, taa ya kijani kwenye dashibodi itawaka kama kawaida."

Akaitoa. Akaipeleka stoo, akailaza chini ya magunia ya maharage, akasema masika yakikaribia atairudisha. Msimcheke. Alikusudia kweli kuirudisha. Nani kati yetu aliyewahi kuacha jambo la kheri bila kusema kwamba atalirudia?

Mvua za mwaka ule hazikumngoja. Siku ya pili ya mvua, adhuhuri imetoka kuswaliwa, akagongewa mlango. Ni jirani yake, kalowa chapachapa, anahema. "Kaka, mke wangu ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Mkunga anasema huyu si wa kuzalia nyumbani. Tafadhali."

Ndugu zangu, hapa nataka tusimame kidogo na bwana huyu mlangoni pake. Alikumbuka propela. Ilimjia kichwani hata kabla jirani hajamaliza kusema. Na alikuwa na nafasi. Angesema, "Kaka, nisamehe, gari langu halina kitu. Tukusanye wanaume tumbebe sasa hivi." Maneno hayo yanachukua muda gani kuyasema? Watu wangemtazama, kweli. Pengine mmoja angeguna. Aibu ingemkaa siku mbili tatu na maisha yangeendelea.

Aliikimbia aibu hiyo. Akachukua funguo, akasema, "Mlete. Pandeni."

Wakampandisha mama nyuma, mkunga pembeni yake, mume na jamaa wengine wakaning'inia. Gari likaenda vizuri mpaka chini ya ule mwinuko wa udongo mwekundu. Pale likapanda kidogo, likasita, matako yakaanza kwenda kushoto na kulia. Tairi za nyuma zinachimba, zinarusha tope, gari limesimama. Wanaume wakashuka kusukuma. Tope likawajaa mdomoni, wanasukuma, wanamtaja Mungu, wanasukuma tena.

Mkunga, bibi wa makamo, akatoa kichwa dirishani akatazama chini. Akauliza, "Mwanangu, mbona tairi za mbele zimesimama tu? Za nyuma zinazunguka, za mbele zimelala."

"Zimekamatwa na tope, bibi."

"Hiyo fowili umeitia?"

Bwana yule akavuta kile kigia mbele ya macho yake. "Si unaiona taa?"

Na taa ilikuwa inawaka. Kijani, nzuri kabisa. Bibi wa watu akaitazama akaamini, akarudi kumfuta mama yule jasho. Mwenye gari akabaki ameshika usukani, anaisikia sauti ya yule mama nyuma yake, na anajua peke yake kwamba wale wanaume wanasukuma gari ambalo haliwezi kupanda hata wakisukuma mpaka magharibi. Anajua, na anakanyaga mafuta. Kwa nini alikanyaga? Ili aonekane anajaribu.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Siku ile aliyeficha alikuwa mmoja, na aliyeshindwa kuzaa alikuwa mwingine.

Muda ulikwenda. Mwishowe mume ndiye aliyesema, "Basi. Tubebe." Wabebe kwa kitu gani? Machela imekuwa kichanja cha vyombo. Wakakimbilia nyumba ya karibu, wakang'oa mlango kwenye bawaba zake, wakamlaza mama juu ya mbao tupu na mvua inampiga usoni, wakapanda naye mlima wakiteleza na kuanguka. Walifika. Muuguzi akampokea, akafunga pazia. Alipotoka hakumtazama mtu usoni. Alisema, "Mama tumemuwahi. Mtoto hatukumuwahi."

Wakamzika yule mtoto kesho yake. Bwana mwenye gari naye alikuwepo makaburini, akashika jembe kama wengine.

Sasa nisikilizeni. Mngetarajia kwamba siri ilifichuka. Mngetarajia fundi alisema, au mtu alichungulia chini ya gari, watu wakamjia juu. Hapana. Hakuna aliyejua. Kilichotokea ni hiki: mama alipopata nafuu, yule mume alikuja tena kugonga mlango uleule. Mkononi ana jogoo, jogoo mzuri mwekundu, amefungwa miguu.

Akasema, "Kaka, nimekuja kukushukuru. Ile mvua mwingine angekataa hata kutoa gari ndani. Wewe ulitoka. Mwenzangu amesema nisije mikono mitupu."

Bwana yule alifungua mdomo. Mnajua alisema nini? Alisema, "Usijali, ndugu yangu. Ni kadari ya Mungu."

Kadari. Propela iko stoo chini ya maharage, hatua chache kutoka pale waliposimama, na yeye anamtwisha Mungu.

Akampokea jogoo. Akachinjwa, akapikwa, watoto wa nyumba ile wakala wakafurahi, na baba yao akala pamoja nao.

Naona mnainamisha vichwa. Mimi pia sina uso wa kuinua. Kwa sababu bwana yule ni nani? Hakuiba. Hakumpiga mtu. Aliondoa kitu kimoja kisichoonekana, wakati wa kiangazi, wakati hakikuhitajika, akaacha taa iwake. Sisi je? Kanzu tunazo. Alama ya sijda kwenye paji la uso tunayo. Ukivuta kigia, taa inawaka. Lakini ile huruma iliyokuwa inatoka ndani kwenda kwenye mikono yetu, tuliitoa lini? Ule ukweli nyumbani kwetu, tuliulaza stoo gani? Tulisema tutarudisha masika. Ni masika sasa, ndugu zangu, mvua iko juu ya paa.

Na kuna watu wamevunja machela zao kwa ajili yetu. Mjane ameacha kutafuta msaada kwingine kwa sababu ulimwahidi. Mzazi wako kijijini anawaambia majirani, mimi nina mtoto, sihangaiki. Wametuegemea, nasi tunajua kilichoko chini ya gari. Inatupasa twende tukawaambie leo, kabla hawajagonga mlango: nisameheni, sina, tushikane tubebe. Tutaona aibu. Tuione. Aibu ya mlangoni haijamzika mtoto wa mtu.

Ila nina swali moja, na msinijibu mimi. Mara ngapi mtu aliyeumia kwa sababu yetu amekuja mwenyewe, kwa miguu yake, kutushukuru, nasi tukanyamaza? Sisi tuliokaa hapa kwenye mikeka hii, tumekula majogoo wangapi?

Inukeni tuswali. Na mwenye aibu asiiache nje pamoja na viatu. Aingie nayo kwenye safu, asujudu nayo.