Posa Yenye Magurudumu Manne

Chande alikuwa na safari ya Comoro, na jirani na uwanja wa ndege maegesho yalikuwa ya Mzee Mbaruku peke yake, bei haishikiki.

"Nipunguzie, mzee wangu."

"Kama huna pesa, panda ndege na gari lako!"

Kesho yake Chande akalifunga gari utepe, akalipeleka nyumbani kwa Mbaruku. "Leo nimeleta posa. Mwanangu anamtaka binti yako."

Mbaruku akalitazama gari, mate yakamdondoka. "Na tusipoafikiana?"

"Posa hurudi kama ilivyokuja."

Mbaruku akaliweka kivulini, akalifunika shuka, akalilinda mwenyewe usiku na mchana. Chande aliporudi kutoka Comoro na begi lake, akapokewa kwa pilau.

"Binti kakubali, mkwe wangu! Bwana harusi yuko wapi?"

"Hajazaliwa," akajibu Chande, akinyoosha mkono apewe ufunguo. "Hata mama yake bado namtafuta."