Siku ya Sultani Huanza Lini

Palikuwa na Sultani, jina lake Dahmani, aliyependa kodi kuliko pilau, na kwa pilau hakuwa na mchezo. Alipokwisha kutoza chumvi, mikeka na kuni, akayageukia magari ya punda. Anunuaye gari jipya, alipe kodi ya bei yake yote. Akimpa fundi gari kuukuu na kuongeza pesa, alipie kodi ile nyongeza tu. Lakini kodi haikosi lakini, jamani: kutoa kuukuu na kuchukua jipya kuwe siku moja. Zikipishana siku, hayo si mabadilishano tena, na Sultani anatoza bei nzima.

Basi mjini mle aliishi Bi Mwanashee, mjane muuza maji, ulimi wake wembe. Gari lake lilikuwa limechakaa hata punda alilionea haya. Alhamisi, baada ya swala ya Magharibi, alipomaliza kusambaza maji, akampelekea fundi gari hilo. Ijumaa asubuhi akaongeza pesa alizojinyima mwaka mzima, akapewa jipya. Hajafika nalo kisimani, watoza kodi wakalikamata, wakamswaga punda wake nalo hadi uani kwa Sultani. Kodi ya bei nzima hakuwa nayo, na bila gari wajukuu zake wangelala njaa. Aliogopa, tusidanganyane. Lakini woga haukumfunga mdomo.

"Umetoa kuukuu Alhamisi, umechukua jipya Ijumaa," Sultani akasema. "Siku mbili hizo. Lipa yote, au gari ni langu."

"Maulana, jua lilikuwa limeshakuchwa. Ule ulikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Hata Ramadhani huingia jua likizama."

"Hiyo ni siku ya msikitini. Siku ya kodi ni nyingine."

"Nayo huanza lini, Maulana?"

"Huanza nikiamka mimi."

Mawaziri wakatikisa vichwa kwa heshima, kana kwamba wamesikia jambo la maana. "Hiyo ndiyo sheria," waziri mkuu akasema. "Iandikwe."

"Na Maulana akipitiwa na usingizi?" Bi Mwanashee akauliza.

"Siku itaningoja."

Bi Mwanashee akainamisha kichwa. "Nimesikia. Sheria ni sheria."

Sultani akaona mteremko. Na mtu mwenye tamaa akiona mteremko, hajui kusimama.

"Tena utaongeza na faini," akasema. "Leo nimelala zangu fofofo, magurudumu ya gari lako yakapiga kelele juu ya mawe ya uani mpaka yakaniamsha."

"Gari hili hili jipya, Maulana?"

"Hilo hilo. Wote hawa ni mashahidi."

Mawaziri wakaitikia kwa pamoja, "Ndilo. Tulisikia."

Bi Mwanashee akashika hatamu za punda wake.

"Basi, Maulana, nilipolichukua ilikuwa bado Alhamisi."