Utepe wa Mto Kisese

Kwa maneno, Nyamizi hakuwa na mpinzani, ingawa mwenyewe alikuwa mbunge wa upinzani. Mara tatu aliuliza bungeni daraja la Mto Kisese litajengwa lini, maana watu wake walivuka maji yakiwafika kifuani. Mara tatu Waziri akajibu, “Lilishakamilika. Dada yangu, tembelea jimbo lako.” Ukumbi ukacheka.

Mara ya nne akasimama mpole. “Mheshimiwa Spika, nakiri nilikosea. Waziri aje alizindue mwezi wa tisa, avuke wa kwanza na gari lake. Wanahabari nimeshawaalika.”

Waziri alipenda kukata utepe kuliko chakula. “Nitakuja,” akasema, meza zikapigwa.

Wiki hiyohiyo malori ya saruji yakamiminika Kisese. Nyamizi akawapelekea mafundi uji.

“Msiwe na haraka, kaka zangu,” akawaambia. “Si lilishakamilika?”