Sale la Njia na Sale la Shamba

"Mng'oa sale la njia, na la shamba hulegea." Mmemsikia mjomba wenu akiitupa methali hii barazani, nanyi mmenijia mbio mkitaka kujua ilikotoka. Haya, ilianza hivi.

Kijiji cha Ndorwe, huku milimani Upare, zamani kilitawaliwa na wakubwa wa Ikuru, ng'ambo ya bonde. Baada ya mabishano ya miaka mingi Ikuru walichoka, wakawarudishia Wandorwe ngoma yao ya utawala, wakaenda zao. Mfumwa wa kwanza wa Ndorwe huru, yaani mtawala wao, alikuwa Sebughe, kijana mchapakazi na mwepesi wa kuamua. Mwepesi mno, kama mtakavyoona.

Sebughe alikuwa na kero iliyomkaa kooni. Kila kiangazi wafugaji wa tambarare walipandisha ng'ombe wao kunywa kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba ya Ndorwe. Ng'ombe waliyavuruga maji na kubomoa kingo, na hakuna aliyethubutu kuwazuia, kwa kuwa Ikuru ndio waliopatana na wafugaji. Kandokando ya njia ya ng'ombe yalipandwa masale, na kwetu sale si mmea wa kupamba ua. Likipandwa, neno limefungwa. Liking'olewa, neno limekufa.

Siku ya kusimikwa kwake, Sebughe aliteremka na ngoma mpaka njiani.

"Neno hili lilisemwa na kinywa cha Ikuru," alitangaza. "Ikuru wameondoka, na waondoke na maneno yao!"

Akang'oa sale la kwanza kwa mikono yake, vigelegele vikapigwa. Nani angenyamaza? Watu walikuwa wameonewa kwelikweli. Njia ikazibwa kwa miiba.

Lemburis, mzee wa wafugaji, alipoikuta miiba hakugombana na mtu. Aliliokota sale lililong'olewa, akaomba kuonana na mfumwa kule chini, kwenye mashamba ya mtama. Sebughe akaenda kifua mbele. Mwaka ule migomba ya mlimani ilikuwa imekauka, na Ndorwe nzima iliutegemea mtama huo.

"Kwa hiyo neno la Ikuru limekufa?" Lemburis aliuliza.

"Limekufa, mzee wangu. Sisi hatukuulizwa."

"Vema. Basi nasi tutang'oa haya." Akaonyesha masale yaliyotenga mtama na malisho.

"Hayo ni ya mpaka wa shamba letu!"

"Yalipandwa siku ile ile, mwanangu. Hapa palikuwa malisho ya babu yangu. Ikuru walituomba ardhi mlime, nao wakatupa maji. Wewe ulidhani shamba hili mlipewa na nani?"

Sebughe aliutazama mtama, ukiwa ndiyo kwanza unaanza kutoa masuke. Aliona haya, na zaidi ya hapo aliingiwa na hofu. Yeye aliyekataa kinywa cha Ikuru alikuwa akila kwa kinywa hicho hicho.

"Lakini ndiva yetu inabomoka, mzee," alisema kwa sauti iliyoshuka. "Na hilo ni kweli."

"Ni kweli. Ungelisema, tungekaa. Hukulisema, uling'oa."

"Basi naomba yote yasimame, ya njia na ya shamba, mpaka tuvune. Kisha tukae, tuyapande upya kwa vinywa vyetu wenyewe."

Lemburis akamkabidhi lile sale. "Lirudishe ardhini. Sale halifi upesi."

Sebughe aliiondoa miiba mwenyewe, mbele ya wale wale waliompigia vigelegele.

Baada ya mavuno walikaa, wakabishana, wakakubaliana: wafugaji wakachimba birika chini ya ndiva, ng'ombe wakanywea humo, na mpaka wa shamba ukabaki palepale.

Sebughe alipozeeka, mrithi wake alikuja kuichukua ngoma. Mzee hakumpa kwanza. Alimshika mkono, wakaifuata njia ya ng'ombe mpaka kwenye mtama, wakiligusa kila sale. Walipofika la mwisho akamwambia, "Kuna mengi utakayotamani kuyang'oa, na mengine yanastahili. Ila tembea kwanza mpaka huku. Mng'oa sale la njia, na la shamba hulegea."