Taa Isiyofifia

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini. Simu zilikuwepo na umeme haukuwepo, basi hesabuni wenyewe. Endeleeni kumenya karanga zenu, mikono ndiyo inayomenya, masikio hayana kazi. Hadithi hii mimi siipendi. Kila nikiisimulia watu wanagombana, na mwaka jana wawili waliondoka hapa bila kuagana. Lakini mmeniganda tangu asubuhi, haya.

Palikuwa na kijiji cha wakulima wa pamba, pembeni mwa pori la akiba. Wanyama walitoka porini wakaingia kwa watu kana kwamba wamealikwa. Fisi walikula mbuzi, chui walikula mbwa, mwisho chui akamjeruhi mtoto wa watu. Kijiji kikapewa bunduki moja, na mtu mmoja akafundishwa kuitumia. Mtu huyo aliitwa Ngolo, mpole, mwenye shabaha. Ila mkono wake wa kushoto uliwahi kuvunjika na haukuunga vizuri. Akishika kitu kizito kwa muda, unatetemeka.

Bunduki ilikuwepo, mwanga haukuwepo. Ngolo alikuwa akimulikiwa tochi na mtu mwingine, na yule mtu akiogopa, mwanga unakwenda kwenye paa. Na betri zikichoka tochi inafifia, inakuwa ya njano, inakuwa nyekundu, kila mtu anaitukana. Kijiji kikaamua inunuliwe taa ndogo ya kuchaji, ile ya kufunga chini ya mtutu. Bunduki inakoelekea, mwanga nao unaelekea huko huko.

Nani aende mjini kuichagua? Wakamtuma Shigela, fundi baiskeli, kwa sababu alijua vyuma. Muuzaji akamwekea taa mbili juu ya meza.

"Hii kubwa ni nzito kidogo," muuzaji akasema. "Ina kijitaa pembeni. Ikijaa kinawaka kijani, ikikaribia kuisha kinawaka chekundu. Na chaji ikipungua, mwanga nao unapungua taratibu. Hii nyingine, ishike. Si kama kidole gumba tu? Ukiifunga husikii uzito. Haina kijitaa. Lakini haififii, kaka. Inawaka vile vile mpaka dakika ya mwisho."

"Na baada ya dakika ya mwisho?"

"Inazima."

Shigela akazipima mkononi, hii na hii. Akaukumbuka mkono wa Ngolo. Akaikumbuka ile tochi ya njano. Akachukua ndogo. Wewe hapo ungechukua ipi? Usinijibu sasa, nyamaza kwanza.

Kijijini walipiga vigelegele. "Haififii!" Shigela akawaambia, na watu wakaitikia, "Haififii!" Ngolo akaifunga, akaielekeza bunduki ukutani, na mkono haukutetemeka. Akasema, "Shigela mdogo wangu, umenifikiria." Machozi yalimlengalenga, jamani, kwa sababu ya taa.

Kazi ya kuichaji akapewa Minza, mwanamke mwenye paneli ya jua na kibanda cha kuchajia simu. Sharti lilikuwa moja: saa yoyote taa ikihitajika, ikutwe imejaa. Minza akaitunza miezi minne, hata watoto wake hawakuigusa.

Zikaja mvua. Jioni moja nesi wa zahanati akaja mbio mpaka kwa Minza, nguo zimelowa. Zahanati ilikuwa giza, betri yao imekufa, na kuna mwanamke anajifungua, mtoto amekaa vibaya.

"Minza, nipe ile taa."

"Dada, ile si yangu. Ile ni ya bunduki."

"Minza, watakufa wawili mle ndani, mimi napapasa tu."

Minza akatoa. Ungemnyima wewe? Basi. Taa ikatumika zahanati, ikiwashwa na kuzimwa, ikiwashwa na kuzimwa, hadi kukakucha. Mtoto akatoka mzima, na mama mzima. Asubuhi Minza akarudishiwa taa, akaichomeka kwenye paneli. Lakini mbingu ilikuwa imefunga kwa mawingu, na paneli bila jua ni bati kama bati jingine.

Mchana wa siku hiyo hiyo likatokea la kutokea.

Kijijini palikuwa na jineri la zamani, kiwanda cha kuchambulia pamba kilichokwisha kufa. Madirisha yalijengewa matofali kwa kuogopa wezi, ukabaki mlango mmoja wa mbao, na ndani wakulima waliweka magunia ya pamba yao. Mlinzi wa mchana alikuwa Ndaki, kijana, mtoto wa pekee wa Mayu Nkwimba. Mayu ni mama, kwa watu wa huko. Mayu Nkwimba alikuwa mjane, miguu imemwisha nguvu, na kila alichokitia kinywani kililimwa na Ndaki. Mchana huo chui akafukuzwa na mbwa, akaingia jinerini. Ndaki akapanda juu ya magunia mpaka karibu na paa, akapiga kelele.

Watu wakajaa nje. Ngolo akatoka mbio na bunduki, akapitia kibandani.

"Minza, imejaa?"

"Iko kwenye paneli tangu asubuhi."

Na kweli, ilikuwa kwenye paneli tangu asubuhi. Hakusema uongo. Ila habari za zahanati hakuzisema, na habari za wingu hakuzisema. Ngolo akaiwasha pale pale kuijaribu, ikawaka nyeupe, kali, kama siku ilipotoka dukani. Akaridhika, akaenda.

Akaingia jinerini peke yake, na mlango ukafungwa nyuma yake ili mnyama asije akawarukia watu. Giza totoro. Akawasha. Akamwona chui amepanda katikati ya rundo la magunia, macho yanawaka, ameduwaa kwa ule mwanga. Lakini nyuma ya chui, mstari ule ule mmoja, kulikuwa na Ndaki. Ngolo hawezi kupiga.

"Ndaki, mwanangu, nimemshika kwa mwanga, hasogei. Shuka taratibu kwa kulia. Ukishatoka hapo, nampiga."

"Baba Ngolo, naogopa."

"Shuka. Mimi nipo."

Ndaki akashuka. Gunia moja. Gunia la pili. Gunia la tatu, mpaka la mwisho. Akakanyaga chini.

Taa ikazima.

Haikufifia, haikuwa ya njano, hapana, ilizima. Ngolo akabonyeza, akabonyeza, wapi. Akasikia magunia yakiporomoka. Akasikia Ndaki akiita, "Baba Ngolo, piga! Piga!" Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio, na Ngolo hakupiga. Alifundishwa asipige asichokiona, na sauti ya mtu na ngurumo ya mnyama zilikuwa mahali pamoja. Watu wa nje wakasukuma mlango, magunia yaliyoporomoka yameuziba, wakabomoa dirisha kwa sururu. Mwanga wa mchana ulipoingia, chui aliruka kupitia tundu lile lile akarudi porini, na Ndaki alikuwa amekwisha kufa. Mwenye kutaka kulia na alie, mimi nilishalia miaka ile.

Wakazika. Siku ya tatu kijiji kikakaa kikao, na Mayu Nkwimba akaletwa, akakalishwa kwenye kigoda. Mapajani aliweka jembe la mwanawe.

"Sitaki ng'ombe," akasema. "Pole zenu nimezipokea. Nataka mtu mmoja, yule aliyemuua mwanangu. Aache kwake, alale nyumba ya Ndaki, alime shamba la Ndaki kwa jembe hili mpaka nife. Kila nikiamka nimwone, nijue ni huyu."

Mtu mmoja akasema kutoka nyuma, "Mayu, wachukue wote watatu, Shigela, Minza na Ngolo, wawe wanakuja kwa zamu."

"Zamu?" Mayu akasema. "Mwanangu hakuwa wa zamu."

Yule mtu akakaa chini.

Shigela akasimama. "Mayu, nilichagua taa nyepesi kwa sababu ya mkono wa Ngolo. Ikijazwa, inafanya kazi. Aliyeimaliza si mimi. Kosa langu liko wapi?"

"Uliwaambia watu haififii?"

"Niliwaambia."

"Uliwaambia inazima ghafla?"

Shigela akatazama viatu vyake. "Walikuwa wanashangilia, Mayu."

Minza akasimama. "Mayu, taa ile ingekuwa na kijitaa chekundu, Ngolo angeona mwenyewe. Na ningeinyima zahanati, tungekuwa tumezika mama na mtoto. Wale pale, wako hai. Kosa langu liko wapi?"

Kichanga kikalia kule nyuma kwa wanawake, mama yake akakinyonyesha upesi kinyamaze. Mayu alisubiri mpaka kimenyamaza.

"Uliulizwa kama imejaa?"

"Niliulizwa."

"Ukajibu nini?"

"Niliogopa, Mayu. Niliogopa wataniambia nimeigawa taa ya bunduki. Nikaona inawaka vizuri, nikasema moyoni labda itatosha."

Ngolo alisimama mwisho. Hakuuliza kosa lake liko wapi. Alisema, "Mayu, niliijaribu, ikawaka. Ningepiga gizani, labda ningemuua kwa mkono wangu."

"Alipokuwa juu ya magunia, alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa."

"Nani alimwambia ashuke?"

"Mimi."

"Alikuita upige?"

"Aliniita, Mayu. Mpaka leo ananiita."

"Na labda risasi ingempata mnyama."

"Labda, Mayu."

Mayu Nkwimba akajiinua kwenye kigoda, watu wakataka kumshika, akakataa. Akasimama mbele ya Shigela na lile jembe. Akasogea mbele ya Minza. Akasogea mbele ya Ngolo. Kila mmoja wao alimtazama Mayu usoni, na hakuna aliyenyoosha mkono, wala hakuna aliyeurudisha nyuma.

Mimi naishia hapo. Msinitazame hivyo, mimi sikuwa mwenye jembe. Jembe ni moja, kizee amechoka kusimama, na shamba la Ndaki limeanza kuota magugu. Enyi mnaomenya karanga, semeni ninyi: Mayu Nkwimba amkabidhi nani jembe la mwanawe?