Mkeka wa Kilima

Hapo zamani, na Mungu atusamehe tukizidisha maneno, mji wa Ukindani ulikuwa na kilima kilichotetemeka kwa baridi. Kikitetemeka, vyungu vinaanguka. Mwinyi Mkuu, mtawala wa mji, akaamuru kifunikwe mkeka.

Wakateuliwa watatu. Subira akachemsha ukindu kwa rangi. Mwanamize akausuka ukindu ule ukawa ukili mrefu. Machano akaushona ukili kwa sindano kubwa. Subira anachemsha, Mwanamize anasuka, Machano anashona. Anachemsha, anasuka, anashona. Mwaka wa tatu mkeka ukashuka toka kileleni ukafika kiunoni mwa kilima.

Asubuhi moja kilima kikapiga chafya. Chafya moja tu! Kikasimama, kikajitupia mkeka begani, kikashika njia ya kusini. Wala hakikuaga.

Kazi ikafa. Mwanamize akarudia kusuka makawa ya kufunikia wali, na kila kawa akaliona dogo mpaka anaona haya. Akakumbuka mizaha ya Machano, uji wa Subira, mikono yao wote watatu ikiwa myekundu hadi viwikoni. "Ya Rabi nisamehe," akaomba, "hata kwenye sijida nauwaza mkeka."

Hata siku moja wachuuzi wa mbuzi wakaja na salamu za kilima: "Miguu inaganda. Mkeka umaliziwe. Lakini aje mmoja tu, watatu mnanitekenya."

Mwinyi Mkuu akawaita wale watatu. "Ataenda yule aliyekikurupusha. Iwe adhabu yake: achemshe, asuke, ashone peke yake mpaka umalizike. Haya, nani mkosaji?"

Akatazamia watatupiana lawama. Thubutu!

"Mimi, Mwinyi," akasema Mwanamize kwa hamu. "Kila ukili nilikuwa nikiuanza kwa bismillahi. Siku ile nilikuwa nacheka, nikasahau. Kilima kikavishwa kitu kisichotajiwa Mungu. Nakiri."

"Alicheka kwa mzaha wangu!" akadakia Machano. "Na mimi nilicheka, mkono ukateleza, nikakidunga ubavuni. Hata pole sikukipa."

"Kwa sindano ile?" Subira akamkata. "Butu ile, papai bivu haitoboi! Mwinyi, ni mimi. Sikungoja ukindu ukauke, niliutoa mbichi, rangi inanuka mpaka machozi. Kilima kilipiga chafya, hakikulia. Nani akidungwa akapiga chafya?"

"Na ukindu mbichi aliusuka nani?" Mwanamize akaruka. "Niliuona, nikanyamaza! Jamani, mnaninyang'anya dhambi yangu, mcheni Mungu!"

"Dada, wewe unazo nyingine kibao," akasema Machano. "Hii tuachie."

"Na wewe hujampa mtu pole tangu uzaliwe!" Mwanamize akamrudishia. " Leo ndiyo unajuta?"

Mwinyi Mkuu akajishika kichwa. Wezi alishawahukumu, wazushi alishawahukumu, lakini watu wanaogombea hatia hakuwahi kuwaona. Akamtazama Mwanamize: macho yako kusini, vidole vinasuka hewa. Akamtazama Machano: analia. Akamtazama Subira: keshajitwika chungu.

Akashindwa. Akawageukia watu wa mji, nao wakashindwa. Basi nawageukia nyinyi mliokaa hapa. Mmoja alisahau jina la Mungu, mmoja alidunga asitoe pole, mmoja alitoa ukindu mbichi. Kilima kinangoja, miguu i wazi, na anayetakiwa ni mmoja.

Je, nani alistahili adhabu?