Mashua Iliyonyimwa Maji

"Usipokinywesha chombo pwani, kitajinywea baharini." Mmeisikia leo mkacheka, eti chombo kina koo? Haya, kaeni. Methali hii ilianzia kwa nahodha Mshamu, na yeye hakucheka hata kidogo.

Mashua ya Mshamu iligonga mwamba kwenye kisiwa cha mbali, ubao ukapasuka. Ilikuwa Jumatatu, na Ijumaa baada ya swala binti yake wa pekee, Mwanahawa, alikuwa anaolewa. Tangu mtoto huyo anatambaa, Mshamu alikuwa akimwambia, "Siku ya kukuoza, mkono wa mumeo nitaushika mimi, si mwingine." Ila kabla ya kusafiri alimtania mdogo wake Selemani, "Nisipotokea, niwakilishe wewe."

Fundi wa kisiwa kile, mzee Nassoro, alibadilisha ubao, akaziba maungio kwa pamba na mafuta ya papa. Jumatano adhuhuri akamaliza. Sasa, desturi ya mafundi wale ni kwamba chombo kikishatengenezwa, hujazwa maji ndani kikiwa bado nchi kavu. Panapovuja, matone hutokeza nje, fundi akayaona.

"Tuinyweshe," akasema Nassoro. "Kesho alfajiri maji yakijaa tutaishusha. Ijumaa asubuhi uko kwako."

"Na upepo ukinigeuka je? Mzee wangu, mimi naoza! Ndoo zote hizo tuzijaze saa ngapi, tuzimwage saa ngapi?"

"Mwanangu, haraka haraka..."

"Haina baraka, naijua. Jamani, shikeni mashua tushushe!"

Jioni ile ile akatweka tanga.

Alhamisi asubuhi, nchi haionekani mbele wala nyuma, maji yakamfika vifundoni. Yeye na baharia wake wakayakumba kwa ndoo hadi ngozi ya viganja ikabanduka, na maji hayapungui. Ikabidi wageuze njia, wapande fungu la mchanga, wangoje maji ya bahari yatoke ndipo waone panapovuja. Lo! Upenyo wenyewe haukuzidi urefu wa kidole, pamba haikuingia. Mshamu akakaa mchangani akalia. Wakauziba, lakini mashua ilikuwa imekwama, na bahari hairudi kwa kuombwa.

Alifika Ijumaa alasiri. Masufuria ya pilau yalikuwa yanaoshwa. Selemani akampokea ameinamisha kichwa.

"Kaka, tulikungoja mpaka wageni wakaanza kuaga. Uliniambia nikuwakilishe."

"Nilikuambia," akasema Mshamu.

Mkwewe akaja, "Shikamoo baba," akanyoosha mkono. Mshamu akaushika kwa kiganja kilichochubuka, akakaa nao muda mrefu. Maneno ya kuozesha aliyoyahifadhi miaka yote ile hayakuwa na kazi tena.

Mwanahawa akamtazama ile mikono, machozi yakamlengalenga. "Baba, kimekuchelewesha nini?"

"Nusu siku tu, mwanangu. Usipokinywesha chombo pwani, kitajinywea baharini."